Metronomu ipi ununue? Jibu la mwalimu wa fidla

"Mwalimu, mashine hii inachelewa."

Aliyesema hivyo ni binti wa miaka 11, amekaa barazani kwangu Kikwajuni, fidla bado iko begani. Tulikuwa kwenye kipande kifupi tu: noti nane, nne za kupanda na nne za kushuka. Kupanda alikwenda vizuri. Kushuka, kila mara alifika chini kabla ya mashine. Nikamwambia aweke upinde, nikaiweka metronomu, mashine yenyewe ya kuhesabu mapigo ya muziki, kwenye 60, tukaisikiliza huku tunatazama saa ya ukutani. Mshale wa sekunde unaruka, mashine inalia tok. Unaruka, tok. Tulikaa hivyo dakika nzima bila kusema neno. Kisha akachukua fidla yake, akarudia zile noti nane, safari hii akiisubiri mashine.

Karibu kila mwanafunzi wangu huilaumu mashine wiki ya kwanza. Mkono hukimbia palipo rahisi na hujikokota palipo pagumu, na mwenyewe hajijui, kwa sababu sikio lake linakwenda na mkono wake. Ndiyo maana nataka kila anayejifunza chombo awe na kitu cha kumhesabia mapigo, kisichochoka na kisichomwonea haya. Wazazi huniuliza kila mara: mwalimu, nimnunulie ipi? Nimefunza fidla miaka 14, napiga kwenye taarab mpaka leo, na vifaa hivi nimevishika vingi, vyangu na vya wanafunzi. Haya ndiyo ninayowaambia.

Tazama kwanza ulichonacho nyumbani

Kama kuna kinanda cha umeme, Yamaha au Casio, usitoe pesa kabla hujatafuta kitufe kilichoandikwa Metronome. Vinanda vingi vya kujifunzia vinayo ndani. Anayejifunza kinanda hana haja ya kifaa kingine kwa muda mrefu, na hata mpiga gitaa anaweza kukaa kando ya kinanda hicho akafanya mazoezi yake.

Kama hakuna kinanda, simu ipo. Programu za bure ni nyingi, na hata ukiandika neno metronome kwenye Google, kisanduku cha mapigo hutokea juu ya majibu, unabonyeza, kinaanza. Kwa miezi mitatu ya mwanzo inatosha kabisa. Ila uitayarishe: iweke kwenye hali ya ndege ili mtu asipige simu katikati ya wimbo, ongeza muda wa kioo kukaa bila kuzima, na kama simu ina mpango wa kuokoa betri, iruhusu programu hiyo isizimwe. Simu nyingi huua programu iliyo nyuma kioo kikizima, na mwanafunzi anabaki anapiga peke yake akidhani amefanya kosa.

Shida ya simu hasa ni mwenyewe wa simu. Kwa mtoto, simu ni ya mama, na saa 12 jioni, wakati mtoto ametulia na fidla yake, ndio wakati mama naye anaitaka. Kijana mwenye simu yake anaichukua kubadilisha mwendo kutoka 72 kwenda 76, anaona ujumbe, na nusu saa inapita upinde uko mezani. Nimeyaona haya mara nyingi mno. Akishafikia kufanya mazoezi kila siku, mnunulie kifaa kisichofanya kazi nyingine. Kilicho rahisi cha kampuni inayojulikana hakizidi bei ya seti moja nzuri ya nyuzi za fidla, na nyuzi utazibadilisha mara nyingi kabla kifaa hicho hakijaharibika.

Niseme neno juu ya spika za Bluetooth, kwa sababu wengi wanadhani zinamaliza shida ya simu kutosikika. Sauti inayopita kwenye Bluetooth hufika imechelewa kidogo. Kuchelewa huko hakubadilishi mwendo, kwani kila pigo linachelewa sawa na lenzake, kwa hiyo kusikiliza tu hakuna ubaya. Linaloharibika ni kule kuangalia na kusikiliza kwa pamoja: taa kwenye kioo inawaka, mlio unafuata baadaye, na mtoto hajui afuate kipi. Na spika nyingine hulala zikisikia ukimya kati ya pigo na pigo, kila zikiamka zinameza mwanzo wa mlio. Waya ni salama zaidi.

Mlio, kabla ya kitu kingine chochote

Dukani muuzaji atakuonyesha vitufe. Mwambie akusikilizishe mlio.

Vipo vifaa vinavyolia kikavu, tok, kama vijiti vya mkwasa vikigongana kwenye kidumbaki. Vipo vinavyolia bip, na bip ina noti yake. Kwa mpiga ngoma hilo si kitu. Kwa anayejifunza fidla, au udi, au kuimba, ni jambo kubwa, kwa sababu vyombo hivyo havina mahali palipowekwa alama: kidole kinatafuta noti kwa sikio, na sikio likipigiwa noti nyingine mara themanini kwa dakika, linavutwa. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye noti yake ya D nyumbani ilikuwa juu kidogo kila siku, kwangu ikawa sawa. Mama yake alinirekodia, nikasikia mwenyewe. Nikaenda kwao. Kifaa chake kilikuwa kinalia bip iliyo juu kidogo ya D, na kidole chake cha tatu kwenye uzi wa pili kilikuwa kinaikimbilia bila yeye kujua. Tukabadilisha mlio kuwa ule mkavu, na wiki haikwisha kidole kikarudi mahali pake.

Basi tafuta kifaa chenye milio zaidi ya mmoja, au chenye mlio mkavu tangu mwanzo. Halafu usikilize nguvu yake, na usisikilize ukiwa umekiweka kiganjani. Fidla inakaa chini ya sikio la kushoto, na ni vyombo vichache vinavyolia karibu na kichwa cha mpigaji kama hicho. Kijisanduku kinachosikika vizuri sana juu ya kaunta ya duka kinapotea mara upinde ukigusa uzi. Kiweke hatua tatu mbali, kisha piga, au kama hukuja na chombo, imba kwa sauti. Bado unakisikia bila kukitega sikio? Kinafaa. Nyumbani ukiweke upande wa kulia, kimo cha sikio, juu ya rafu au stendi ya noti. Kikikaa sakafuni unajitesa bure.

Wapiga dumbaki, tumba na dramu wasihangaike na spika ya kifaa kidogo, hakuna itakayoshinda mikono yao. Wao watafute chenye tundu la hedifoni, na wanunue hedifoni zinazofunika sikio zima na kuzuia sauti ya nje, ili mlio uwe wa chini na bado usikike. Kijana mmoja wa dumbaki alikuwa anaongeza sauti mpaka mwisho ili aishinde ngoma yake mwenyewe. Nilimkataza kwa ukali, na ningemkataza tena, masikio hayana duka. Jaribu pia tundu lenyewe hapo dukani, maana kwenye baadhi ya vifaa vya zamani mlio hutoka upande mmoja tu wa hedifoni. Kuna na vile vinavyotetemeka, unavaa kama saa: Soundbrenner Pulse ni mmojawapo. Kwa mpiga dramu ni kitu kizuri sana. Kwetu wa fidla mkono mmoja unakwenda na upinde na mwingine uko kwenye nyuzi, kwa hiyo mtetemo ukae mguuni au juu ya kiwiko.

Taa na mshale

Karibu kila kifaa kina taa inayowaka kila pigo, nyekundu kwa pigo la kwanza na kijani kwa mengine, au kinyume chake. Taa ni msaada, lakini ina kasoro moja: inakuambia pigo limefika, haikuambii kuwa linakuja. Mshale unaotembea kushoto na kulia, ama wa kweli ama uliochorwa kwenye kioo, unauona ukikaribia, na mkono unajitayarisha. Ndivyo ilivyokuwa ile metronomu ya zamani ya mbao yenye ulimi unaoyumba, ambayo watoto bado wanaiona kwenye picha. Ile ya mbao sikupendekezei, ingawa ni nzuri machoni. Inataka meza iliyo sawa kabisa, ikikaa upande inachechemea, tok-tok, tok-tok, na nyumba zetu za Mji Mkongwe hazina sakafu mbili zilizo sawa. Vifaa kama Korg MA-1 na ndugu yake aliyefuata, MA-2, huonyesha mshale huo kwenye kioo.

Kioo kiwe kinasomeka usiku umeme ukikatika.

Namba na maana yake

Namba kwenye metronomu ni mapigo kwa dakika. 60 ni pigo moja kila sekunde, 120 ni mawili. Aliyeipatia hati ya ubunifu, mwaka 1815, ni Johann Nepomuk Maelzel, ingawa kazi kubwa ilikuwa ya Dietrich Nikolaus Winkel wa Amsterdam mwaka mmoja kabla, ukiona M.M. kwenye karatasi ya noti ya kizamani, ni jina la huyo Maelzel.

Vifaa vingi bado vinafuata ngazi za zamani: kutoka 40 hadi 60 unaruka mbili mbili, hadi 72 tatu tatu, hadi 120 nne nne, hadi 144 sita sita, hadi 208 nane nane. Jumla ni ngazi 39. Seiko SQ50V, kile kisanduku chenye kitufe kikubwa cha kuzungusha, kina ngazi hizo hasa. Vifaa vya namba vya siku hizi huenda moja moja na hufika mbali zaidi. MA-1 huanza 30 na kufika 252.

Je, unahitaji moja moja? Kwa mwanafunzi, hapana. Mimi napandisha mwanafunzi ngazi moja ya zamani kwa wakati mmoja, na ngazi hizo zilipangwa vizuri: ukiwa polepole, tofauti ya mbili inasikika; ukiwa kasi, tofauti ya mbili haisikiki, ndiyo maana zinarukwa nane. Anayezihitaji namba zote ni anayefuatisha rekodi au anayerekodi. Huyo atafute pia kitufe cha kugonga kwa kidole: unausikiliza wimbo, unagonga nao mara nne au tano, na kifaa kinakuandikia mwendo wake. Mimi hukitumia sana kwenye rekodi za zamani za taarab.

Vijana wa singeli huniambia 208 haiwatoshi, kwani muziki wao hukimbia kati ya 200 na 300. Inawatosha. Wimbo wa 240 uweke 120, kila mlio uwe mapigo mawili. Tena ni bora hivyo: mashine inayolia mara nne kila sekunde inachosha sikio kuliko inavyolifunza.

Cha kuzungusha au cha kubonyeza

Hapa nina upande. Kwa mtoto na kwa mtu mzima anayeanza, cha kuzungusha. Anaiona 72 na 76 zimekaa jirani, anazungusha kidogo, anaendelea, na fidla haijashuka begani. Cha kubonyeza kina kioo kizuri na kazi nyingi, lakini lazima uguse, usubiri, uangalie, urudi nyuma kwa sababu umepitiliza. Kazi mbili tu ndizo zinazonifanya niseme mtu anunue cha kubonyeza: kugawanya pigo, na kuhesabu mapigo ya mzunguko, yaani kundi la mapigo linalojirudia, kwa kutofautisha la kwanza.

Kugawanya pigo maana yake mlio mdogo unalia kati ya mapigo, mara mbili, tatu au nne. Ni dawa ya kujikokota kwenye mwendo wa polepole, kwani kwenye 40 kuna sekunde moja na nusu kati ya pigo na pigo, na humo katikati mtu anapotea. La kwanza kuwa tofauti ni zuri kwa anayesoma noti. Lakini litazame kabla ya kulipia. MA-1 huhesabu mpaka 9. Bashrafu zetu nyingine, vile vipande vya taarab vya vyombo bila kuimba, zina mzunguko wa samai, ambao ni mapigo 10. Usikate tamaa: samai hugawika 3 na 2, kisha 2 na 3, kwa hiyo weka 5 na uipige mara mbili kwa kila mzunguko.

Chakacha nayo ina lake, na wanafunzi wengi humuuliza muuzaji kama kifaa "kina chakacha". Hakina, na hakihitaji kuwa nayo. Chakacha ni mapigo madogo sita ambayo mwili unaweza kuyagawa mara mbili au mara tatu, na utamu wake uko kwenye mvutano huo. Weka mashine kwenye 80, uhesabu mlio mara mbili kwa mzunguko. Piga makofi nayo dakika mbili tatu. Kisha iweke 120 na uhesabu mara tatu kwa mzunguko. Urefu wa mzunguko haukubadilika, ni sekunde moja na nusu kote kuwili. Siku ya tatu mimi huweka mashine kwenye 80, mwanafunzi anapiga makofi mawili nayo, mimi napiga matatu mezani. Halafu tunabadilishana. Mara ya kwanza mikono yake inagongana na yangu na anasimama. Kufika Ijumaa anacheka na mikono haisimami. Kifaa kinachoweza zoezi hili ni chochote kile.

Vipo vikubwa, kama Boss DB-90, ambavyo vinahesabu kwa sauti ya mtu, vinakumbuka miendo ya nyimbo zako na vinapokea hata waya wa gitaa. Kwa bendi inayorekodi au mwalimu wa dramu, ni mali. Kwa mtoto wa mwaka wa kwanza ni kumnunulia basi akaenda nalo sokoni.

Chenye kutuni ndani yake

Kama huna kifaa cha kutuni, yaani cha kuweka nyuzi kwenye sauti sahihi, nunua kilichounganisha vyote viwili, mfano Korg TM-60, ambacho hufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja. Utaokoa pesa na nafasi kwenye kasha. Hakikisha kinaonyesha noti zote 12 na si za gitaa tu.

Kwa sisi wa taarab, jambo moja la kujua. Kifaa cha kutuni kinapima nusu ya umbali kutoka noti moja hadi jirani yake, juu na chini; umbali huo hugawanywa senti 100, kwa hiyo ni senti 50 kila upande. Maqamu, yaani ngazi za noti za asili ya Kiarabu, kama rasti, bayati na sika, zina noti zinazokaa karibu na katikati hapo hapo, kati ya E na E bapa, jirani yake wa chini. Ukiipiga noti hiyo, mshale unakwenda pembeni kabisa na jina la noti linarukaruka, E, E bapa, E. Mwanafunzi anadhani amekosea na anaanza "kuirekebisha" mpaka maqamu yote inakufa. Zima kifaa kwenye noti hizo. Sikiliza aliyekutangulia.

Siku ya kununua

Nenda na betri zako mfukoni. Nyingi hutumia zile nyembamba za rimoti. SQ50V hutumia ya mraba ya volti 9. Vile vidogo vya kubana kwenye stendi hutumia ya bapa kama sarafu. Tazama kama betri hiyo inapatikana kwenye duka la mtaani kwenu. Unaweza kununua kifaa kizuri Kariakoo, ukapanda boti, ukafika Unguja au Pemba, na betri ikiisha ukazunguka Darajani nzima.

Kisha upime ukweli wake. Metronomu yangu ya kwanza ya umeme niliinunua imetumika, Dar, kwa mtu aliyeniapia ni nzima. Ilikuwa na kitufe cha kuzungusha kisicho na ngazi, unaburuta tu mpaka kwenye namba iliyochapwa. Betri mpya ilikwenda vizuri. Betri ilipoanza kuchoka, na mwendo nao ukachoka pamoja nayo, kidogo kidogo, bila dalili. Nilifanya mazoezi ya wimbo mmoja kwenye 96 mwezi mzima, nikaenda kwa wenzangu wakaanza wimbo ule ule kwenye 96 yao, na vidole vyangu havikuufikia. Usiku ule niliketi na saa, nikahesabu. Pahala pa mapigo 96, mashine yangu ilikuwa inapiga 88. Niliumia sana, kwa sababu ule mwezi wa kazi ulikuwa wa kweli.

Vifaa vyenye kwatzi ndani, kama vya saa ya mkononi, havina ugonjwa huo. Hata hivyo pima, ni dakika mbili tu. Weka 120, tazama saa, hesabu: dakika ikifika umalize 120. Au washa programu ya simu kwenye 100 na kifaa kwenye 100, uvianzishe kwa pamoja. Mwanzo utasikia mlio mmoja. Kama baada ya dakika mbili umegawanyika ukawa miwili, ta-tak, ta-tak, kama kandambili za watu wasiokwenda pamoja, kirudishe kwenye kabati la muuzaji.

Maliza kwa kubonyeza kila kitufe mara kumi, kuzima na kuwasha uone kama kimekumbuka mwendo uliouacha, na kusikiliza sauti yake ikiwa ya juu kabisa, kama spika inakoroma. Kama kina mguu wa kusimamia, uufungue. Mguu ndio huvunjika kwanza.

Wiki ya kwanza

Siku ya kwanza usiguse chombo. Washa 72, piga makofi. Utaanza kabla yake, kisha baada yake. Endelea mpaka mlio upotee: kofi lako likiangukia juu yake sawasawa, huusikii tena, unadhani imezimika. Likitokea hilo mara nne mfululizo, umeanza kuwa na mwendo.

Siku ya pili chukua kipande kifupi unachokijua, kisizidi noti nane, na utafute mwendo ambao unakipiga bila kosa mara tatu. Hata kama ni 50. Panda ngazi moja. Ukikosea mara mbili, shuka mbili. Andika tarehe na namba kwenye daftari. Huyo binti wa barazani kwangu alianza noti zake nane kwenye 56 na ana ukurasa mzima wa namba kwa penseli, nyingine zimefutwa mpaka karatasi imetoboka.

Kipande kikishatulia, punguza msaada. Kama kilikuwa kwenye 96, weka 48, mlio uwe wa pigo la kwanza na la tatu. Halafu uufanye uwe wa pili na wa nne, na hapo ndipo utajua kama mwendo uko mwilini au uko kwenye sanduku. Vifaa vingine na programu kadhaa za simu zina kazi ya kunyamaza: zinapiga mizunguko miwili, zinanyamaza miwili, zinarudi. Mlio ukirudi ukakukuta hapo hapo ulipo, mwite mtu wa nyumbani aje asikie.

Kwenye taksimu, pale chombo kimoja kinapojipigia kwa kubuni bila mapigo ya kufuata, izime. Mahali mwimbaji anapolivuta neno na vyombo vinamsubiri, izime. Mashine haijui kusubiri, nawe usiifunze mikono yako kutomsubiri mwimbaji.

Na Ramadhani ikiingia, vyombo vikipumzika, toa betri uziweke kando. Hewa yetu ya chumvi haina huruma: betri ikivuja mwezi mzima ndani ya kifaa, siku ya Idi utafungua kifuniko ukute vyuma vimeota kijani, na hapo utahitaji pamba, siki kidogo na uvumilivu wa mchana mzima.